Linki ya dishi inasumbua? Kabla ya kupanda mnara, uliza inasumbua lini

Mteja akipiga simu kwamba mtandao "unakata kata", mafundi wengi hukimbilia mojawapo ya mambo mawili: kuongeza nguvu ya redio, au kuvaa mkanda na kupanda mnara. Yote mawili kwa kawaida huja mapema mno. Linki ya madishi mawili yanayotazamana ina faida moja kubwa: njia ni ile ile kwenda na kurudi. Desibeli zinazopotea kutoka A kwenda B ndizo zinazopotea kutoka B kuja A, na dishi huongeza kiasi kile kile likiwa linatuma au linapokea. Ukizisoma namba za redio zote mbili kwa pamoja, utajua kama tatizo liko njiani au kwenye redio mojawapo. Ukijua na saa za tatizo, utajua ni la aina gani. Hapo ndipo unapanda, mara nyingi mnara mmoja tu, ukiwa na spana inayotakiwa.

Ninayoyaeleza hapa ni ya linki za masafa ya 5 GHz, madishi ya sentimita 60 hadi 90, umbali wa kilomita 5 hadi 50 hivi. Mifano yangu mingi ni ya pwani, maana huko chumvi, minazi, maji kujaa na kupwa vyote vinaingia kwenye hesabu.

Kwanza, ilipaswa kuwa ngapi?

Huwezi kusema siginali ni mbovu kama hujui ilitakiwa iwe ngapi. Hesabu yake inafanyika kwenye simu. Upotevu wa njia kwa desibeli ni 32.4, jumlisha 20 mara log ya umbali kwa kilomita, jumlisha 20 mara log ya masafa kwa megahezi. Kwa kilomita 20 kwenye 5500 MHz unapata takriban 133. Dishi la sentimita 60 hutoa karibu dBi 29 au 30 (dBi ni desibeli za ukuzaji wa antena). Redio ikituma dBm 20 (dBm ni kipimo cha nguvu ya siginali; zikiwa hasi, iliyo karibu na sifuri ndiyo kali zaidi), unapata 20 + 30 + 30 − 133, yaani −53 dBm. Toa desibeli mbili za viunganishi na uelekezaji usio kamili: −55. Umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6 zaidi, kwa hiyo kilomita 40 itakupa −61.

Angalizo kwenye nguvu: dBm 20 za redio na dBi 30 za dishi ni dBm 50 zinazotoka hewani, na mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya, huhesabu kinachotoka kwenye dishi. Kama masharti ya masafa unayotumia yanataka pungufu, shusha nguvu ya redio kisha upige hesabu upya kwa namba hiyo.

Sasa linganisha. Pengo la desibeli 3 au 4 usihangaike nalo. Pengo la 6 mara nyingi lina maana kwamba mtu ameshusha nguvu, au kuna kitu kimeinuka katikati ya njia hadi kugusa mstari wa macho. Pengo la 10 kwenye mnara wa zamani huwa ni kebo ya antena: kuna watu bado wanaweka redio chini chumbani na kupandisha kebo nene ya koaksi hadi juu, na hata kebo nzuri ya aina ya LMR-400 hula karibu desibeli 0.35 kwa kila mita kwenye 5.8 GHz. Mita 30 zimekwisha kula desibeli 10. Weka redio juu, nyuma ya dishi, upandishe kebo ya mtandao peke yake.

Pengo la 20 na la 40 lina habari yake.

Linki imeshika, lakini iko chini kwa desibeli 20

Hii ndiyo dalili inayowapotosha mafundi wapya kuliko zote, kwa sababu linki inafanya kazi. Imeshika, pingi (jaribio dogo la kutuma na kupima muda wa jibu) inajibu, mteja amefungua picha mbili tatu, fundi ameshuka. Kumbe dishi limekamatwa na mwale wa pembeni.

Dishi la sentimita 60 kwenye 5 GHz lina mwale mkuu wenye upana wa digrii 5 au 6. Kando yake kuna miale midogo kushoto, kulia, juu na chini, ya kwanza ikiwa digrii chache tu kutoka katikati, dhaifu kwa takriban desibeli 20. Ukizungusha dishi polepole ukaona siginali inapanda, inafika kileleni, halafu inashuka, utaamini umepata kilele. Umepata kilele, ila ni kile kidogo. Upande mmoja ukiwa hivyo unapoteza karibu desibeli 20, pande zote mbili zikiwa hivyo unakaribia 40, na linki ya kilomita 5 bado inaweza kushika na upungufu wote huo. Ndiyo maana makosa haya huishi miaka kwenye linki fupi.

Dawa yake ni kuzungusha dishi kupita kiasi unachodhani kinatosha. Upande wa pili usiguswe kabisa. Legeza boliti za kushoto na kulia tu, anza digrii 15 nje ya mwelekeo, zungusha taratibu hadi digrii 15 upande wa pili, huku mwenzako akisoma namba za redio ya mbali kwenye simu. Unatakiwa kuona vilima vitatu: kidogo, kikubwa, kidogo. Ukiona kimoja tu, hujazungusha vya kutosha. Ukishakipata kikubwa, usikitafute kilele chenyewe, maana juu pale pamelala bapa. Sogea kushoto hadi siginali ishuke desibeli 3, weka alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye nguzo, sogea kulia hadi ishuke 3, weka alama, kisha simama katikati ya alama mbili. Rudia kwa kuinua na kuinamisha. Halafu upande wa pili wa linki ufanye vivyo hivyo. Kila ukisogeza, subiri sekunde mbili tatu, kwa kuwa redio husoma wastani na namba hufika imechelewa.

Wakati wa kukaza, kaza boliti kwa zamu, kidogo kidogo, ukitazama namba. Dishi hupenda kuinama digrii moja pale boliti ya mwisho inapobana.

Dira usiiamini ukiwa umekumbatia mnara wa chuma au umesimama juu ya paa la bati. Chukua mwelekeo ukiwa chini, mbali na chuma, chagua kitu kinachoonekana kwenye mstari huo, mnara wa msikiti au tangi la maji, kisha panda ukielekeze dishi huko. Na kama umetumia dishi la televisheni lililobadilishwa kazi, kumbuka mengi yake hayapokei moja kwa moja kutoka mbele. Kipokezi kimekaa chini ya katikati, kwa hiyo dishi likielekezwa sawa kwenye upeo wa macho litaonekana kama linatazama ardhi, kwa digrii 20 na kitu. Mwenye nyumba atakuambia limeinama. Mwache aseme.

Kama uelekezaji uko sawa na bado umepungukiwa 20 au zaidi, tazama mkao wa antena. Redio yenye antena moja iliyowekwa wima ikizungumza na ya mlalo hupoteza desibeli 20 hadi 30. Kwenye redio za antena mbili ndani ya dishi moja, wima na mlalo, angalia namba ya kila moja peke yake. Zikiwa zimeachana kwa zaidi ya desibeli 5, kuna waya mfupi uliolegea kati ya redio na kitako cha dishi, au umeingia maji. Kifaa kilichopigwa na mpira au tawi hadi dishi likajizungusha kwenye mhimili wake nacho huleta shida, ila hapo namba zote mbili huchanganyikana badala ya moja kushuka.

Upande mmoja unasoma vizuri, mwingine vibaya

Rudi kwenye kanuni: njia ni moja. A akisoma −58 na B akisoma −70, pengo hilo la 12 haliwezi kutokana na mti, ukungu wala uelekezaji, kwa sababu hivyo vyote vingeshusha pande mbili kwa pamoja. Kilichobaki ni redio zenyewe. Ama A inatuma kwa nguvu ndogo kuliko B, ama kikuza siginali cha kutuma cha A kimechoka, ama sehemu ya kupokea ya B imeungua nusu. Tazama mipangilio ya nguvu kwanza, kwa maana ni bure. Mara nyingi mtu amechagua nchi tofauti kwenye redio moja, nayo imejishusha nguvu yenyewe kwa kufuata sheria za nchi hiyo.

Siginali ikiwa sawa pande zote lakini kasi ya kwenda A ni nzuri na ya kwenda B ni mbovu, basi tazama kelele. Redio inayosikiliza kwenye chaneli ya 20 MHz, pasipo mtu mwingine hewani, huona kelele karibu −95 dBm. Ukikuta −78 kwa B, kuna jirani anazungumza juu yenu. Kelele husikika na anayepokea peke yake. A hajui lolote kuhusu shida ya B. Kwa hiyo uchunguzi wa chaneli ufanyie B, pale kileleni, kupitia dishi lile lile, usiufanye ofisini kwa simu. Uchague chaneli iliyo tulivu masikioni mwa B hata kama A anaona nyingine ni nzuri zaidi.

Na upunguze upana. Kutoka 40 MHz kwenda 20 MHz kelele ya asili inashuka desibeli 3, na nafasi ya kugongana na jirani inapungua. Linki ya 20 MHz iliyo safi hushinda ya 80 MHz inayorudia pakiti (vipande vya data) kila mara. Kuongeza nguvu ndilo jibu la mwisho: jirani naye ataongeza, na redio ikisukumwa hadi mwisho wa uwezo wake siginali hupotoka hadi kasi za juu hazishiki tena. Nimeona linki nyingi zikipona kwa kushushwa nguvu kuliko kwa kupandishwa. Kwenye umbali mfupi, siginali ya −30 inamlemea mpokeaji kabisa.

Inasumbua kwa saa maalumu

Hapa ndipo daftari lina thamani kuliko mita. Redio nyingi huhifadhi grafu ya siginali. Kama yako haihifadhi, weka kompyuta ndogo iisome kila dakika tano kwa wiki mbili. Kisha tazama kama saa ya tatizo inatulia au inahama.

Ikitulia, tuseme kila siku kati ya saa moja na saa tano usiku, mara nyingi ni kazi ya binadamu. Tazama vitu vitatu saa hizo. Siginali imebaki pale pale lakini kelele imepanda: mwingiliano wa watu waliorudi nyumbani na kuwasha vyao. Siginali na kelele vyote havijabadilika lakini muda wa pingi umepanda: linki imejaa, mteja anahitaji uwezo zaidi na wala si fundi. Siginali yenyewe imeshuka: sasa ni hewa.

Ikihama, piga hesabu inahama kwa kiasi gani. Ikiwa leo imesumbua saa nane mchana, kesho karibu saa tisa kasoro dakika kumi, keshokutwa saa tisa na dakika arobaini, na kila siku inatokea mara mbili, usitafute tena. Ni bahari. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Ukiona tatizo linazidi siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na linapungua siku za maji mafu, umepata uthibitisho.

Kinachotokea ni hiki. Dishi la B hupokea miale miwili: mmoja umekuja moja kwa moja, mwingine umegonga uso wa maji na kurudi juu. Maji ya bahari huakisi vizuri sana. Miale hii ikifika kwa pamoja husaidiana, ikifika kinyume huuana. Kwenye 5.8 GHz urefu wa wimbi ni karibu sentimita 5, kwa hiyo tofauti ya njia ya sentimita mbili na nusu inatosha kugeuza msaada kuwa maangamizi, na katika mkondo wa Zanzibar maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Ukiwa na minara mirefu, mabadiliko hayo yanaweza kukupitisha kutoka kileleni hadi shimoni ndani ya saa chache.

Fundi wa kwanza kuitwa atasema tuinamishe madishi juu kidogo ili yasione maji. Haisaidii. Kwenye kilomita 40 mwale wa moja kwa moja na ule wa majini huachana kwa chini ya nusu digrii, na mwale wa dishi lako una upana wa digrii 5. Yote mawili yamo ndani. Kinachosaidia ni kubadili urefu: shusha au pandisha dishi moja kwa mita mbili tatu uone shimo linahamia wapi. Bora zaidi, weka upande mmoja juu na mwingine chini, ili mahali pa kuakisi pasogee karibu na ule wa chini, na pakiangukia mikoko, mchanga usio sawa au nyuma ya majengo, mwale wa pili hukatika. Kwenye linki isiyoruhusiwa kukatika, weka dishi la pili upande wa kupokea, mita kadhaa juu au chini ya la kwanza. Likiwa shimoni moja, jingine huwa limenusurika.

Ila usishushe kabla ya kuhesabu kibiongo cha dunia, yaani mviringo wake unaoinuka katikati ya njia. Zidisha umbali wa pande mbili, kwa kilomita, kutoka sehemu unayoihesabia, ugawanye kwa 17, unapata mita. Kutoka Bagamoyo hadi Mji Mkongwe ni karibu kilomita 44. Katikati, 22 mara 22 gawanya kwa 17 ni mita 28 na nusu. Juu ya hapo unahitaji asilimia 60 ya ukanda wa Fresnel (eneo linalouzunguka mstari wa macho ambamo mawimbi hupita), yaani mita 14 nyingine kwa 5.8 GHz. Jumla ni karibu mita 43 juu ya maji yaliyojaa, kila upande. Mtu aliyeweka dishi kwenye paa la ghorofa tatu kwa sababu "ng'ambo inaonekana" anaona majengo ya juu tu, na linki yake itakuwa inabahatisha.

Aina ya tatu haifuati saa wala mwezi. Inakuja usiku mtulivu usio na upepo, hasa kipindi cha maleleji kati ya kusi na kaskazi, pale hewa ya unyevu inapolala kwa tabaka juu ya bahari. Mawimbi hupinda kuliko kawaida, mara yakamkosa mpokeaji, mara yakafika kwa njia mbili. Dalili ya ziada ni kwamba unaanza kusikia redio za mbali usizozisikia siku nyingine. Hapo hakuna boliti ya kukaza. Unahitaji akiba: linki ya baharini iwe na desibeli 20 au zaidi juu ya kiwango cha chini kinachohitajika, la sivyo utaomba radhi kila maleleji.

Mvua ikinyesha inakufa

Kwenye 5 GHz mvua yenyewe ina hatia ndogo. Matone ya mvua kubwa hula sehemu ndogo tu ya desibeli kwa kilomita, kwa hiyo kwenye kilomita 10 hutakiwi kupoteza zaidi ya chache. Masafa ya 11 GHz, 24 GHz na hasa 60 GHz, ambayo hata hewa kavu huyala desibeli 15 hivi kwa kilomita, yana haki ya kuogopa mvua. Ya 5 GHz hayana.

Kwa hiyo uliza: linki ilirudi lini baada ya mvua kukatika? Ikirudi ndani ya dakika chache, kuna majani njiani, nayo yakilowa hufyonza kuliko yakiwa makavu. Ikirudi baada ya saa nyingi, jua likiwa limewaka sawasawa, kuna maji ndani ya kitu. Fungua viunganishi vya waya mfupi nyuma ya dishi. Ukiona ukijani kwenye shaba au unyevu kwenye nyuzi, usiupanguse na kuurudisha, ubadilishe. Kisha funga kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukianzia chini kwenda juu ili mikunjo imwage maji, na juu yake tepu ya kawaida ya kuzuia jua. Kebo ya mtandao iachie mzingo unaoning'inia chini ya redio kabla haijaingia, maji yadondokee hapo. Kwenye mdomo wa kipokezi cha dishi chungulia pia: kifuniko kikipasuka, nyigu hujenga ndani, na udongo wao ukilowa ni ukuta.

Inadhoofika polepole, miezi kwa miezi

Desibeli moja mwezi huu, moja mwezi ujao, na hakuna aliyegusa kitu. Washukiwa ni wawili: miti na chumvi.

Kwa miti, mstari wa macho kuwa wazi hakutoshi. Linki ya kilomita 20 inahitaji katikati uwazi wa karibu mita 10 kwa ajili ya ukanda wa Fresnel na 6 za kibiongo, juu ya chochote kinachosimama hapo. Mnazi mrefu unapita mita 20. Ukijumlisha, dishi lililo mita 30 juu ya ardhi tambarare yenye minazi lilikuwa na upungufu tangu siku ya kwanza. Bara ni mikaratusi, nayo hukua haraka kuliko mkataba wa mteja. Mjini ni ghorofa linaloinuka, ambalo hujitambulisha kwa kushuka ngazi kwa ngazi: kila zege likimwagwa, desibeli zinaondoka.

Chumvi hushusha kwa kula vyuma: waya wa ethi (unaopeleka umeme ardhini), boliti, viunganishi. Upande wa pwani tumia boliti za chuma kisichoshika kutu na upake grisi. Za kawaida zikishikana hutaweza hata kurekebisha dishi bila kuzikata. Na ukifika juu ukakuta kunguru wamejenga kwenye mkono wa kipokezi, chunguza kiota: hupenda kufuma vipande vya waya, navyo vikiwa mbele ya kipokezi ni pazia la chuma.

Siginali inayocheza na upepo haina siri yoyote. Kusi likivuma sawasawa nguzo nyembamba inayumba, na dishi lisilo na matundu ni tanga. Digrii 2 au 3 tu zinakunyima desibeli 3, mara mbili yake ikiwa pande zote zinayumba. Kaza nyaya zinazoshikilia nguzo, au badili dishi kwa lenye matundu.

Siginali ni safi, kasi ni mbovu

Pima kasi redio kwa redio kwanza, bila rauta wala Wi-Fi ya mteja. Ikiwa hapo ni nzuri, tatizo halipo hewani na usiguse dishi. Tazama mlango wa mtandao: ukiandika Mbps 10, au nusu njia (half duplex) badala ya njia mbili (full duplex), ni kebo au kichwa chake.

Ikiwa mbovu hata redio kwa redio, angalia mpangilio wa umbali. Katika Wi-Fi ya kawaida, anayepokea hujibu kwamba amepokea, na anayetuma husubiri jibu kwa muda maalumu. Mawimbi husafiri mita 300 kwa maikrosekunde moja, kwa hiyo kilomita 20 kwenda na kurudi ni maikrosekunde 133. Redio iliyopangwa kwa kilomita 5 haisubiri hivyo. Inadhani pakiti imepotea na kuituma tena, na tena. Weka umbali kwa mkono, uzidi kidogo ule halisi, maana upangaji wa kujiendesha hukosea kwenye linki ndefu. Bora zaidi, tumia mfumo wa kugawana zamu kwa muda, ambao redio nyingi za kazi hii zinao. Ni kwa kuachana na utaratibu ule wa kusubiri majibu ndipo mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake huko Venezuela waliunganisha Pico del Águila na Platillón, kilomita 382, kwa vifaa vya Wi-Fi.

Inapotea ghafla dakika moja, inarudi kwenye chaneli nyingine

Redio imesikia rada, au imedhani imesikia. Kati ya 5250 na 5350 MHz na kati ya 5470 na 5725 MHz inalazimika kuhama ikisikia rada, na chaneli mpya ya eneo hilo huisikiliza kwa dakika moja kabla ya kutuma. Karibu na 5600 hadi 5650, panapotumika na rada za hali ya hewa, redio zinazofuata kanuni za Ulaya husikiliza dakika 10. Usiuzime ulinzi huu. Hamia chaneli ya juu ya 5725 kama masharti ya nchi yanaruhusu.

Redio inajizima na kujiwasha

Pima umeme juu, siyo chini. Redio hizi hulishwa kwa PoE, umeme unaopanda ndani ya kebo ya mtandao, na sokoni kumejaa kebo za alumini iliyopakwa shaba zinazouzwa kama shaba tupu. Kwa shaba halisi, mita 100 zikibeba nusu ampea hushusha karibu volti 5. Kwa alumini inakaribia 8. Chaja ya volti 24 inafikisha 16, redio inawaka, inatulia, kisha ikianza kutuma kwa nguvu inazimika. Ndiyo maana huzimika mteja anapopakua faili, na fundi anapofika kila kitu kinawaka. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, badilisha kebo yote. Usichanganye pia chaja ya volti 24 na ya 48. Nyingine husamehe, nyingine huunguza.

Baada ya radi

Kuzunguka Ziwa Victoria na mashariki ya Kongo, ambako radi ni nyingi kuliko karibu popote duniani, hili si tukio la mara moja kwa mwaka. Redio iliyokufa kabisa ni rahisi: mlango wa mtandao umeungua, badilisha, kisha uunganishe mnara, redio na kinga ya chini kwenye ethi moja, siyo kila kimoja na yake. Inayosumbua ni redio iliyonusurika nusu. Inawaka, inaunganika, inatuma kawaida, ila siginali inayoisoma imeshuka desibeli 15 au 20 tangu usiku ule, wakati mwenzake wa ng'ambo anaisoma vile vile kama zamani. Sehemu ya kupokea imeungua. Wengi huhisi dishi limesogea na kushinda siku nzima wakilielekeza upya. Chomoa redio hiyo, weka ya akiba nyuma ya dishi lile lile bila kugusa boliti hata moja, usome namba. Zikirudi, umemaliza. Zisiporudi, hamishia shaka kwenye nguvu ya kutuma ya redio ya ng'ambo, maana waya mfupi au kipokezi kibovu kingeshusha namba za pande zote mbili.